Figo kuumia ghafla ICU: nani atazidiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na ndugu wa wagonjwa wakiwa wamesimama nje ya mlango wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mengine huulizwa na manesi na madaktari vijana wakati wa kukabidhiana zamu. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu nesi na ndugu mara nyingi wanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: huyu mgonjwa anaelekea wapi?

Daktari amesema figo za mzee "zimeumia ghafla". Ndiyo zimefeli?

Si lazima. Figo kuumia ghafla ni ngazi yenye vidato. Chini kabisa ni mgonjwa ambaye mkojo umepungua kidogo au kipimo cha damu kimepanda kidogo, na wengi wa hao hurudi katika hali yao ndani ya siku chache. Juu kabisa ni yule ambaye figo zimesimama na anahitaji mashine. Kazi yote ya kutabiri iko hapo katikati: kumjua mapema atakayepanda ngazi, kabla hajapanda.

Ni tatizo la kawaida mno ICU. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wagonjwa 1,802 katika ICU 97 za nchi 33, ukakuta asilimia 57 waliumia figo ndani ya wiki ya kwanza, na asilimia 13.5 ya wagonjwa wote walihitaji dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa niaba ya figo. Kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa wako figo zimeguswa, hajapatwa na kitu cha ajabu.

Hatua ni ngapi, na mnazipimaje?

Ni tatu, kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya tiba ya figo. Vinaangaliwa vitu viwili tu: kreatinini, ambayo ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na kiasi cha mkojo.

Hatua ya kwanza: kreatinini imepanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au imefika mara 1.5 ya ile ya awali ndani ya siku 7. Au mkojo uko chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6 na kuendelea. Hatua ya pili: kreatinini mara mbili, au mkojo mdogo hivyohivyo kwa saa 12 au zaidi. Hatua ya tatu: kreatinini mara tatu, au imepanda hadi karibu 354, au mkojo chini ya mililita 0.3 kwa kilo kwa saa 24, au hakuna mkojo kabisa kwa saa 12, au mgonjwa ameshaanza dayalisisi.

Tuchukue mfano. Mama wa kilo 60 amevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Kreatinini yake ya kliniki ilikuwa 60. Leo asubuhi ni 95: hatua ya kwanza. Kesho ikiwa 130, ni hatua ya pili. Kwa upande wa mkojo, kwa uzito wake mstari ni mililita 30 kwa saa. Chati ikisoma 40, 35, 25, 20, 20, 15, 10, 10, mtu anayeisoma vizuri hasubiri karatasi ya maabara. Hizo saa sita za mwisho zote ziko chini ya mstari, na zinazidi kushuka.

Nesi anapima mkojo kila saa, hata usiku wa manane. Ya nini yote hayo?

Kwa sababu hicho ndicho kipimo cha haraka na cha bei nafuu kuliko vyote tulivyonavyo. Kreatinini ni kama gazeti: ukilisoma asubuhi unapata habari za jana. Figo zikipigwa usiku huu, taka inahitaji muda kujikusanya kwenye damu, na inaweza kuchukua siku moja hadi mbili kabla namba haijapanda kwa kiasi cha kukushtua. Mkojo hupungua ndani ya saa chache.

Ila lazima upimwe kweli. Mpira wa mkojo uliojikunja chini ya paja la mgonjwa, au ulioziba kwa bonge la damu, utakupa "sifuri" ya uongo. Kabla ya kumwita daktari, nyoosha mpira, angalia mfuko uko chini ya usawa wa kibofu, gusa tumbo la chini uone kama kibofu kimejaa. Na andika namba yenyewe. "Mkojo upo" si namba. Wala "wa kutosha" si namba.

Karatasi ya maabara inaonyesha kreatinini iko kawaida. Mbona mnasema figo zimeumia?

Kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni mwa karatasi ni cha watu wote kwa ujumla. Mgonjwa wako ana cha kwake. Mjamzito, kwa mfano, kreatinini yake hushuka kuliko alivyokuwa kabla ya mimba, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri kwa mwanaume mwenye misuli inaweza kuwa tayari ni dalili mbaya kwake. Mgonjwa aliyekonda, au aliyelala ICU wiki kadhaa misuli ikaisha, anatengeneza kreatinini kidogo. Figo zake zinaweza kuwa hoi na namba ikabaki ya kupendeza. Na aliyepewa dripu nyingi, damu yake imezimuliwa na kreatinini imezimuliwa nayo.

Hatujui kreatinini yake ya zamani. Hajawahi kupimwa.

Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaoletwa kutoka wilayani. Tafuta kwanza: kadi ya kliniki ya wajawazito, daftari la CTC (kliniki ya VVU), cheti cha rufaa, karatasi za hospitali ya mwanzo. Ndugu husaidia sana hapa. Pekueni mifuko na madroo nyumbani. Ikikosekana kabisa, madaktari wengi hukisia kwa hesabu, wakichukulia kwamba figo zilikuwa zikichuja mililita 75 kwa dakika. Makisio hayo yana kasoro moja kubwa: mtu aliyekuwa na ugonjwa wa figo wa muda mrefu bila kujua ataonekana ameumia leo.

Kreatinini inaweza kupanda bila figo kuumia?

Ndiyo, na kwetu hili lina uzito. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha mchanganyiko wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU, huzuia kreatinini isitoke kupitia mirija ya figo. Namba inapanda kidogo ndani ya wiki za mwanzo kisha inatulia, wakati uchujaji wenyewe haujapungua. Trimethoprim iliyomo kwenye kotrimoksazoli hufanya vivyo hivyo. Lakini usijipe raha haraka: kidonge hichohicho kina tenofovir, ambayo yenyewe inaweza kuumiza figo kweli. Angalia mkojo, angalia potasiamu (chumvi ya damu inayotolewa na figo), angalia mwelekeo wa siku kadhaa.

Ni nani hasa yuko hatarini kupanda kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu?

Kwanza, yule ambaye chanzo chake bado kinaendelea. Hili nalisisitiza kuliko mengine. Mgonjwa wa kuhara aliyepungukiwa maji akarudishiwa maji vizuri, mara nyingi anageuka siku hiyohiyo. Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayoathiri mwili mzima) ambaye presha haijashikika na usaha bado uko tumboni, figo zake zinaendelea kupigwa kila saa. Malaria kali, kifafa cha mimba, kuumwa na nyoka, ajali iliyoponda misuli: kote swali la kwanza ni kama kinachoumiza kimezimwa.

Pili, yule aliyekuja na mtaji mdogo: mzee, mwenye kisukari, presha ya muda mrefu, moyo dhaifu, ini bovu, au figo zilizokuwa na kasoro tangu zamani.

Tatu, yule ambaye ana dalili kadhaa kwa pamoja: anahitaji dawa za kupandisha presha na dozi inaongezeka, yuko kwenye mashine ya kupumulia, laktati (asidi inayopanda mwili unapokosa oksijeni ya kutosha) iko juu, amejaa maji mwilini na mkojo bado mdogo. Mgonjwa mwenye mkojo mdogo na kreatinini iliyopanda kwa pamoja ana hali mbaya kuliko mwenye kimoja tu.

Nne, dawa. Gentamisini, amfoterisini, vankomaisini, diklofenaki. Diklofenaki hasa, kwa sababu ni sindano ya maumivu inayochomwa kila mahali, na mara nyingi hata haiandikwi kwenye cheti cha rufaa. Uliza. Uliza pia dawa za miti shamba, bila kumgombeza ndugu, maana ukimgombeza hatakuambia tena kitu.

Nimesikia kuna "kipimo cha Lasix". Ni nini?

Hiki ninakipenda, kwa sababu kinatumia dawa iliyomo kwenye kila kabati la wodi. Mgonjwa aliye hatua ya kwanza au ya pili anapigwa furosemidi (ndiyo Lasix) kwenye mshipa mara moja: miligramu 1 kwa kilo kama hajawahi kuitumia siku 7 zilizopita, 1.5 kwa kilo kama ameitumia. Kisha unakaa na mfuko wa mkojo kwa saa mbili. Ikitoka chini ya mililita 200, uwezekano wa kufika hatua ya tatu ni mkubwa.

Mantiki yake ni nzuri. Ili furosemidi ifanye kazi, lazima ifikishwe kwenye figo na damu, ipitishwe na seli za mirija, na mirija yenyewe iwe wazi. Mkojo ukija, hatua zote hizo ziko hai. Utafiti wa mwanzo ulichapishwa mwaka 2013 kwa wagonjwa 77, na ulikuta kipimo kinawanasa asilimia 87 ya wanaozidiwa na kuwatambua asilimia 84 ya wasiozidiwa. Wagonjwa 77 si wengi, lakini tafiti zilizofuata zimeendelea kukiunga mkono.

Tahadhari mbili. Mgonjwa aliyepungukiwa maji hapewi kipimo hiki, mjaze kwanza. Na hiki ni kipimo, si tiba: furosemidi haiponyi figo, na mkojo uliotoka kwa kulazimishwa usikufanye uandike "anaendelea vizuri".

Je, vile vipimo vipya vya mkojo na damu?

Vipo. Kimoja kinapima protini mbili za mkojo, TIMP-2 na IGFBP7, ambazo seli za figo hutoa zikiwa kwenye shida hata kabla hazijafa. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014. Kingine, NGAL, hupanda haraka lakini hupanda pia kwa maambukizi, jambo linalokipunguzia thamani ICU ambako kila wa pili ana maambukizi. Cha tatu ni CCL14, ambacho utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kinasaidia kumjua aliyefika tayari hatua mbaya ambaye hatapona haraka. Hospitali nyingi za ukanda wetu hazina hata kimoja, na sioni aibu kusema kwamba chati ya mkojo iliyojazwa vizuri pamoja na kipimo cha Lasix vinakufikisha mbali.

Na akili mnemba? Tunaambiwa kompyuta inatabiri siku mbili kabla.

Kweli, kwa kiasi. Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind, ikitumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 700,000 wa hospitali za maveterani wa Marekani, ilitoa mfumo uliotabiri asilimia 55.8 ya matukio yote ya figo kuumia kati ya waliolazwa, hadi saa 48 kabla, na asilimia 90.2 ya yale makali yaliyoishia kwenye dayalisisi. Kwa kila onyo la kweli kulikuwa na mawili ya uongo.

Sasa tazama ni wagonjwa gani waliotumika kuifundishia mashine hiyo. Wanawake walikuwa takriban asilimia 6 tu. Hapakuwa na wodi ya wazazi ya Temeke wala mgonjwa wa malaria kali kutoka Kigoma. Mifumo mingine mingi imefundishwa kwa MIMIC, hazina ya kumbukumbu za ICU ya hospitali moja ya Boston. Mashine hujifunza ilichoonyeshwa. Ukiileta huku bila kuipima upya kwa wagonjwa wetu, unakisia kwa kutumia kompyuta.

Kuna tatizo jingine ambalo waandishi wa habari hawaligusi. Mifumo hii hula data: presha kila saa, dawa kwa dakika iliyotolewa, maabara iliyounganishwa. Penye chati ya karatasi iliyojazwa saa kumi na moja alfajiri kwa mpigo mmoja, hakuna cha kuila.

Angalau kengele ikilia, si itaokoa maisha?

Inategemea nani anaisikia na anafanya nini. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa hospitali sita za mtandao wa Yale huko Marekani, wagonjwa 6,030: nusu madaktari wao walipewa onyo la kompyuta kwamba figo zimeumia, nusu hawakupewa. Matokeo kwa ujumla hayakutofautiana. Katika hospitali mbili zisizo za kufundishia, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa waliopewa onyo, na sababu haikufahamika vizuri. Onyo lisiloambatana na jambo la kufanya ni kelele.

Linganisha na utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2017 kwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Walichagua wenye hatari kwa kile kipimo cha mkojo cha TIMP-2 na IGFBP7, kisha wakawapa uangalizi wa makusudi: presha, maji, sukari, kuacha dawa zenye sumu kwa figo. Walioumia figo walishuka kutoka asilimia 71.7 hadi 55.1. Utabiri uliunganishwa na kitendo.

Ile "asilimia 87" ya kipimo cha Lasix maana yake mgonjwa wangu ana uwezekano wa asilimia 87 wa kuzidiwa?

Hapana, na hata madaktari hujikwaa hapa. Tuseme una wagonjwa 100 wa hatua ya kwanza na 20 kati yao watazidiwa. Kipimo kinachonasa asilimia 87 kitawaona 17. Kati ya 80 wasiozidiwa, asilimia 84 wataachwa salama, na 13 wataonywa bure. Jumla maonyo 30, ya kweli 17. Kidogo zaidi ya nusu.

Kipimo hichohicho kipeleke kwenye wodi ambako watakaozidiwa ni 5 tu kati ya 100. Kitanasa 4, na kitawasumbua bure 15. Hapo onyo moja tu kati ya karibu matano ndilo la kweli. Kipimo hakijabadilika, wagonjwa ndio waliobadilika. Ndiyo maana tunapima waliokwisha kuonyesha dalili, hatupimi kila anayepita.

Mkishajua kwamba anaelekea kubaya, mnafanya nini cha tofauti?

Tunazima chanzo: kutoa usaha, antibayotiki sahihi bila kuchelewa, kuzuia damu. Tunashikilia presha. Tunapitia chati ya dawa mstari kwa mstari, tunafuta kinachoumiza na kurekebisha dozi ya kinachobaki. Kuhusu maji: anayehitaji anapewa, aliyejaa anasimamishiwa, maana maji ya ziada huvimbisha figo na mapafu pia. Tunaepuka dripu za wanga wa hydroxyethyl, zilizothibitika mwaka 2012 kuongeza mahitaji ya dayalisisi kwa wagonjwa wa ICU. Dopamini ya dozi ndogo "ya kulinda figo" haina kazi. Utafiti wa mwaka 2000 ulishaimaliza hoja hiyo, ingawa bado utamkuta mtu anaiagiza.

Na kwa hospitali isiyo na dayalisisi, utabiri unabadilisha jambo moja kubwa: muda wa rufaa. Mgonjwa anayesafirishwa akiwa hatua ya kwanza, potasiamu iko sawa na anapumua mwenyewe, anafika. Anayesubiriwa mpaka potasiamu iwe 7.5 ndipo gari la wagonjwa litafutwe mafuta, safari yenyewe ni hatari.

Kama mnaona atazidiwa, kwa nini msianze dayalisisi mapema?

Ndugu wengi huuliza kwa hasira, na ninawaelewa. Jibu limetafutwa sana. Utafiti wa STARRT-AKI wa mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 2,900 katika nchi 15, ulikuta vifo ndani ya siku 90 ni asilimia 43.9 kwa walioanza mapema na 43.7 kwa waliosubiri. Ufaransa mwaka 2016, katika utafiti wa AKIKI, karibu nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji mashine kabisa. Mashine ina hatari zake: mrija mkubwa shingoni au kwenye nyonga, kuvuja damu, maambukizi, presha kuporomoka.

Hatusubiri ikiwa potasiamu iko juu na haishuki kwa dawa, asidi imezidi, maji yamejaa mapafuni, au sumu ya mkojo imegusa ubongo au utando wa moyo.

Hospitali yetu haina mashine ya dayalisisi. Basi?

Kuna dayalisisi ya tumboni. Mrija unaingizwa tumboni, maji maalumu yanawekwa, yanakaa, yanatolewa na taka. Haihitaji umeme wala mashine. Madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, walichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa wao wa figo kuumia ghafla waliotibiwa hivyo, na mwongozo wa kimataifa unaruhusu maji hayo kutengenezwa hospitalini pale ya kiwandani yanapokosekana. Kinachotakiwa ni usafi wa hali ya juu na timu iliyofundishwa. Haimfai kila mtu. Aliyetoka kupasuliwa tumbo, kwa mfano, mara nyingi hapana.

Sisi ndugu tufanye nini? Tumletee maji ya madafu?

Madafu hapana. Yana potasiamu nyingi, na figo zilizoumia haziwezi kuitoa. Ndizi na juisi pia, ulizeni kwanza. Leteni karatasi zake zote za zamani na orodha ya kila dawa aliyotumia mwezi uliopita, pamoja na za duka la mtaani na za mganga. Hamtashitakiwa.

Amepona, mkojo umerudi. Yameisha?

Bado. Pimeni kreatinini na protini kwenye mkojo baada ya miezi mitatu, kama KDIGO inavyoelekeza, hata akijisikia mzima. Aliyeumia figo mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa figo wa kudumu na ya kuumia figo tena. Kabla ya kuondoka wodini, dai cheti cha kutoka kiandikwe kreatinini ya juu kabisa aliyofikia na ile ya siku ya mwisho. Kiwekwe pamoja na kadi ya bima, na siku akiumwa tena apewe mtu wa kwanza atakayempokea, kabla hajachomwa sindano yoyote ya maumivu.